Sura ya Saba: Mteja wa Kisongo

Januari 2005, Davos, Uswisi. Rais Benjamin Mkapa alikuwa amezungumza kuhusu umaskini na malaria mbele ya matajiri na wakuu wa nchi, pale Sharon Stone, mwigizaji wa sinema wa Marekani, aliposimama katikati ya hadhira. Akasema anatoa dola 10,000 za kununulia vyandarua vya watoto wa Tanzania, na akawataka waliomo ukumbini nao wasimame waahidi. Wakasimama. Katika dakika chache zikaahidiwa dola milioni 1. Siku ya kulipa ilipofika, zilizoingia zilikuwa kama robo yake, na UNICEF ikalazimika kujazia pengo ili ahadi iliyotolewa mbele ya kamera isigeuke fedheha.

Wanaopinga misaada wamekisimulia sana kisa hiki, na wana haki ya kukicheka. Mimi kinanigusa kwa jambo jingine: ukumbi mzima ulizungumzia vyandarua kana kwamba vinaota mahali fulani huko ughaibuni, kazi iliyobaki ikiwa ni kuvilipia na kuvisafirisha. Wakati ule ule, mkoani Arusha, kiwanda cha Kitanzania kilikuwa kimepitisha mwaka mzima kikifuma chandarua ambacho hata nchi nyingi tajiri hazikuwa na ujuzi wa kukitengeneza.

Kisongo iko pale barabara ya Dodoma inapoanza kuusahau mji. Unaupita uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, wanakopandia watalii waendao Serengeti, migomba na mibuni ya miteremko ya Meru inaisha, na mbele yako panafunguka tambarare ya malisho, vumbi, ng'ombe na punda, na milima ya Monduli kwa mbali. Nje ya mkoa wengi hulijua jina la Kisongo kwa ajili ya gereza lake, ambalo limepokea wanasiasa waliovuma magazetini. Wanaoijua kwa ajili ya vyandarua ni wachache, ingawa hapo ndipo A to Z Textile Mills walipojenga kiwanda ambacho, kufikia mwaka 2010, kilikuwa na uwezo wa kutoa vyandarua karibu milioni 30 kwa mwaka na kiliajiri watu wapatao 7,000, wengi wao wanawake. Afrika haikuwa na kingine cha ukubwa huo.

Kampuni hiyo ilianza 1966 kama karakana ya nguo ya familia, mwaka mmoja kabla ya TANU kukutana Arusha na kutoa Azimio. Watu hulikumbuka Azimio kwa kutaifisha mabenki na mashamba, wakasahau kwamba sehemu kubwa ya maandishi yake inahusu jambo la sura hii. Lilionya kwamba nchi inayopanga maendeleo yake kwa kutegemea zawadi na mikopo ya nje itapoteza uhuru wake kidogo kidogo, na kwamba hata fedha yenyewe haitapatikana ya kutosha. Likaenda mbali zaidi: likasema tumetia mkazo kupita kiasi kwenye viwanda, kwa kuwa viwanda vinataka fedha tusizokuwa nazo. Kinaya ni kwamba miaka iliyofuata Tanzania ikawa miongoni mwa vipenzi wakubwa wa wafadhili duniani, hasa wa nchi za Nordiki, na sehemu ya misaada hiyo ikaingia kwenye viwanda vya umma ambavyo leo ni magofu. Arusha ina makaburi yake ya aina hiyo. Wenyeji watakuonyesha palipokuwa kiwanda cha nguo cha Kiltex, na watakusimulia habari za kiwanda cha matairi cha General Tyre.

Mwaka 1979 serikali ya Mwalimu Nyerere iligombana waziwazi na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya masharti ya mkopo. Katikati ya 1980 mkutano wa wataalamu kutoka nchi maskini na tajiri ulifanyika hapa Arusha na kudai mfumo wa fedha duniani ujadiliwe upya chini ya Umoja wa Mataifa. Hakuna mkubwa aliyeitikia. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, tulitia saini na Shirika la Fedha. Nayataja haya kwa haraka kwa sababu moja: tangu hapo mjadala wa namna tajiri anavyopaswa kumsaidia maskini umekuwa ukienda kwa mizani ya kiasi na masharti. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao. Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg zimelifikia na kulishikilia. Uingereza ililifikia 2013, ikashuka hadi asilimia 0.5 mwaka 2021, na imetangaza kwenda 0.3 ifikapo 2027. Makabati yamejaa ripoti za namna hiyo. Mjadala wenye nyama ulikuja pale wachumi walipoacha kubishania mabilioni, wakabishania chandarua kimoja.

Mmarekani Jeffrey Sachs, katika kitabu chake cha 2005, alikifanya chandarua kuwa hoja yake kuu: kitu cha dola chache kinachookoa maisha, ambacho maskini hawezi kukinunua, basi apewe bure. William Easterly akamjibu mwaka uliofuata kwamba vya bure huishia kuvulia samaki au kuwa shela za maharusi, na kwamba anayelipa hata kidogo hukithamini. Mwaka 2009 Dambisa Moyo wa Zambia akaleta mfano uliowaingia Waafrika wengi moyoni: fundi wa vyandarua mwenye wafanyakazi 10, kila mmoja na ndugu 15 wanaomtegemea, anajikimu mpaka nyota wa sinema analeta vyandarua 100,000 vya bure na kumuua kibiashara. Msomaji wa Arusha alikuwa na haki ya kuinua mkono na kuuliza: na kama fundi mwenyewe ndiye aliyepewa oda ya hivyo 100,000?

Maana hilo ndilo lililotokea Kisongo, na hakuna kati ya hao watatu ambaye nadharia yake inalieleza vizuri.

Chandarua cha zamani kilikuwa cha poliesta, na kilitaka kuchovywa kwenye dawa kila baada ya miezi sita. Madukani iliuzwa pakiti ya Ngao, unachanganya na maji kwenye beseni, unachovya, unaanika kivulini. Watu walichovya mara ya kwanza kwa bidii, ya pili kwa kukumbushwa, ya tatu haikuwepo. Kampuni ya Kijapani ya Sumitomo Chemical ikaja na njia nyingine, kazi ya mwanasayansi wake Takaaki Ito. Chembechembe za plastiki ya polithini huchanganywa na dawa ya permethrini, zikayeyushwa pamoja na kuvutwa kuwa uzi. Dawa imo ndani ya uzi, haikupakwa juu. Chandarua kikifuliwa, dawa ya juu inaondoka na ya ndani inapanda taratibu kuchukua nafasi yake, kwa miaka. Shirika la Afya Duniani lilikipitisha mwaka 2001 kwa jina la Olyset.

Ujuzi huo Sumitomo waliutoa kwa A to Z bila kudai mrabaha. Mfuko wa Acumen wa New York, ulioanzishwa na Jacqueline Novogratz, ukatoa mkopo wa dola 325,000 wa kuanzia: mkopo wa kurudishwa, ila wenye subira ambayo benki za mjini hazina. ExxonMobil ikaingia upande wa malighafi ya plastiki. Na UNICEF, kisha Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, wakawa wanunuzi. Septemba 2003 vyandarua vya kwanza vikatoka. Mwaka 2007 Sumitomo na A to Z wakaanzisha kampuni ya ubia, nusu kwa nusu, na uzalishaji ukapaa.

Angalia mpangilio wa mambo hayo. Ruzuku ya kujengea kiwanda haikuwepo, na mtaalamu wa kigeni hakuachwa na gari jeupe kukiendesha. Mwenye kiwanda alikuwa mfanyabiashara aliyeijua kazi ya nguo kwa miaka zaidi ya 30, akiwa na hasara yake ya kuogopa. Kilichotoka nje ni vitu vitatu ambavyo Arusha isingeweza kuvipata kwa haraka: ujuzi, mtaji wa subira, na mteja mkubwa mwenye oda ya uhakika. Kwangu mimi hicho cha tatu ndicho kilichobeba vingine. Mashine hununuliwa na mtu aliyeona oda. Mafundi hufundishwa na mtu anayejua mwezi ujao kutakuwa na zamu ya usiku. Kiltex nayo ilikuwa na mashine na mafundi.

Na watoto je? Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika 2007 na 2008 ulikuta vimelea vya malaria kwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara. Kufikia 2017 ilikuwa asilimia 7. Vyandarua havikufanya kazi hiyo peke yao. Dawa mseto na vipimo vya haraka vilikuwa na sehemu yao kubwa. Lakini anayesema misaada haijawahi kufanya kitu Afrika aanze kwa kuueleza mporomoko huo.

Upande wa madukani mambo hayakuwa mazuri hivyo, na hapa Moyo anastahili kusikilizwa. Kabla ya wimbi la bure, Tanzania ilikuwa imejenga biashara halisi ya vyandarua. Viwanda vya Arusha, Moshi na Dar es Salaam vilishindana. Kodi ziliondolewa. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara walikuwa wakiuza vyandarua vya Zuia Mbu katika bonde la Kilombero na kuhesabu watoto waliopona. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo: mjamzito anapewa hati kliniki, anaipeleka dukani, anaongeza fedha kidogo, anachukua chandarua. Mwenye duka anarudisha hati na kulipwa. Kuanzia 2009 nyongeza ya mama ilikuwa Sh500 tu, na chandarua kilikuwa cha dawa ya muda mrefu. Naipenda Hati Punguzo kwa sababu ilimsaidia mnyonge bila kumvunja muuza duka wa kijijini. Ilikuwa na kasoro: mama asiye na hata ile nyongeza alirudi nyumbani na karatasi, wajanja wakagundua namna ya kuuza hati, na mpango ukafungwa 2014.

Swali la bure au kwa bei lilijibiwa ng'ambo ya mpaka. Magharibi mwa Kenya, wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu bei mbalimbali katika kliniki za wajawazito. Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi shilingi 40 za Kenya, waliochukua walipungua kwa asilimia 60 ya wajawazito wote. Na waliopewa bure hawakukitumia kidogo kuliko walionunua. Hoja ya Easterly kwamba cha bure hakithaminiwi ikapata pigo. Tanzania nayo ikaenda njia hiyo: kampeni ya watoto wa chini ya miaka mitano kuanzia 2008, vyandarua takriban milioni 9, kisha kampeni ya kila kaya mwaka 2010 na 2011, vingine zaidi ya milioni 17, sehemu kubwa ikitoka Arusha. Biashara ya vyandarua madukani ikasinyaa. Viwanda vidogo vya poliesta vikaachana na kazi hiyo. Fundi wa Moyo aliuawa kweli, ila muuaji alikuwa fundi mwenzake wa jirani, aliyekuwa na mteja mkubwa zaidi.

Februari 2008 mteja huyo alikuja kwa miguu yake. George W. Bush, aliyezindua mpango wa rais wa Marekani wa kupambana na malaria mwaka 2005 na kuiweka Tanzania kwenye kundi la nchi tatu za kwanza, alitembelea kiwanda hicho. Siku iliyotangulia, Dar es Salaam, alikuwa ametia saini na Rais Kikwete mkataba wa Changamoto za Milenia wa dola milioni 698, za barabara, umeme na maji. Picha zilikuwa nzuri. Machi 2016 shirika lile lile la Milenia likasimamisha mkataba wa pili, wa dola milioni 472, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Unaweza kuiunga mkono sababu, na mimi siitetei sheria ile. Lakini nguzo za umeme zilizokuwa kwenye karatasi hazikuwa zimempigia kura mtu yeyote.

Mama lishe anayepikia kambi moja ya ujenzi hupata hela nzuri mpaka siku mradi unapohamia mkoa mwingine. Masufuria makubwa anabaki nayo. Kisongo ilikuwa katika hali hiyo. Novemba 2011 Mfuko wa Dunia, baada ya ahadi za wafadhili kupwaya wakati wa msukosuko wa fedha Ulaya, ulifuta awamu nzima ya ruzuku mpya, ya 11. Baadaye ukaanza kununua kwa pamoja, kwa zabuni kubwa zinazoshindanisha bei, na kila senti ikawa na uzito mbele ya viwanda vya Asia. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa sahihi moja, na Julai mwaka huo USAID ikaacha kuwapo. Mtu anayepanga zamu za kiwanda hawezi kupanga kwa kusikiliza hotuba za Washington.

Sasa tuingie kwenye ubishi mgumu, ambao wapenda viwanda hukwepa. Tuseme una dola milioni 1 za vyandarua. Cha Asia ni dola 2, cha Kisongo dola 2 na senti 40. Ukinunua Asia unapata 500,000. Ukinunua Kisongo unapata kama 417,000. Hivyo 83,000 vilivyokosekana ni vitanda, na kila kitanda mara nyingi hulalwa na watoto wawili. Ofisa wa Mfuko wa Dunia akikuuliza kwa nini watoto wa Geita au Kasulu wagharimie ajira za Arusha, utamjibu nini?

Jibu langu ni kwamba yeye hakosei. Aliyekosea ni aliyempa kazi mbili kwa mfuko mmoja. Fedha ya malaria inunue vyandarua vingi iwezekanavyo. Tofauti ya zile senti 40 ilipwe na mfuko mwingine, wa viwanda, na nchi tajiri wanao uzoefu wa kufanya hivyo kuliko mtu yeyote. Sheria ya Marekani ya tangu 1954 inataka sehemu kubwa ya chakula cha msaada, sasa angalau nusu, kisafirishwe na meli zenye bendera yao, na kwa miongo mingi nafaka yenyewe ilinunuliwa kwa wakulima wao. Hakuna aliyewaambia wakulima wa Kansas kwamba wanamnyang'anya mtoto wa Turkana tonge. Wamarekani waliamua kwamba msaada unaweza kushibisha mwenye njaa na kulinda ajira za nyumbani kwa pamoja. Tunachoomba ni hesabu hiyo hiyo, ila nyumbani pawe huku.

Wakati mwingine tunapoomba hata kidogo kuliko hicho, tunakumbushwa nafasi yetu. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwa hapa hapa Arusha, walikubaliana kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya nguo vipumue. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kikalalamika kwa serikali yake. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Mimi si adui wa mitumba; nusu ya walimu wa nchi hii wamesimama mbele ya ubao wakiwa wameivaa. Ila nchi inayokupa chandarua kwa mkono mmoja na kukuadhibu kwa mwingine kwa kulinda cherehani zako haijaamua bado inakutaka uwe nani. AGOA nayo muda wake ulifika kikomo 30 Septemba 2025.

Kwa hiyo ningemwambia waziri wa nchi tajiri, kama angekuwa na subira ya kusikiliza, aache kwanza kutaja kiasi. Aniambie ataagiza nini, kutoka kiwanda gani cha huku, kwa miaka mingapi, na mkataba ukivunjwa nani atalipa. Oda ya miaka saba yenye bei inayoshuka kila mwaka inamlazimisha mwenye kiwanda kuongeza ufanisi na inaipa benki sababu ya kumkopesha. Na serikali yetu isijifiche nyuma ya wafadhili: vyandarua vinavyogawiwa shuleni na kliniki kila mwaka vingeweza kuwa na sehemu inayolipwa na bajeti ya Dodoma, ili Kisongo iwe na mteja wa pili asiyetegemea uchaguzi wa Marekani.

Haraka inatoka kwa mbu. Wamezoea dawa za aina ya permethrini. Utafiti uliofanyika Muleba, Kagera, na kuchapishwa 2018, ulionyesha kwamba chandarua kilichoongezewa PBO, kemikali inayovunja usugu wa mbu, kinakinga vizuri zaidi. Mwaka 2022 Jacklin Mosha na wenzake wakachapisha matokeo ya Misungwi, Mwanza: vyandarua vyenye klorfenapiri, teknolojia ya kampuni ya Kijerumani ya BASF, vilipita vingine. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wa KCMC walikuwa mstari wa mbele, na damu iliyopimwa ilikuwa ya watoto wa Misungwi. Dunia sasa inanunua vyandarua kwa kutegemea ushahidi huo. Nchi iliyotoa ushahidi ina haki ya kudai ujuzi wa dawa mpya uje kufumwa huku, kama ule wa Sumitomo ulivyokuja 2003, na idai kabla ya kufungua vijiji vyake kwa utafiti unaofuata.

Kwamba wanunuzi wakubwa hawawezi kubadili njia ni kisingizio tu. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulinunua kwa mara ya kwanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilizotengenezwa Afrika, na kiwanda cha Universal Corporation kilichopo Kikuyu, nje ya Nairobi, ndicho kilichozitoa. Zilipelekwa Msumbiji, za kutosha watu zaidi ya 72,000 kwa mwaka. Maofisa walikaa, wakaandika zabuni kwa namna nyingine, na shehena ikasafiri kutoka nchi moja ya Afrika kwenda nyingine.